Jirani Aliyerudi na Ski

Jirani yangu alikuwa anapiga mbao pasi. Watu wa avenyu yetu hapa Kimanga, mjini Uvira, walianza kumjua kwa jambo hilo, na hata leo ukimtaja bila kutaja pasi, wengi watakuuliza unamsema nani. Jioni, kazi yake ya kunoa visu ikiisha, alitoa chumbani mbao mbili ndefu za kijani, nyembamba, zilizoinuka kidogo mbele, akazilaza kifudifudi juu ya viti viwili. Alichukua pasi ya makaa, akayeyushia mshumaa juu ya kila mbao, kisha akaipitisha pasi polepole kutoka mbele kwenda nyuma, kama mtu anayenyoosha kitambaa cha kikwembe cha harusi. Nta ikishapoa, aliikwangua kwa kipande cha plastiki mpaka mbao ikang'aa. Wenye moto, zile pikipiki za abiria, walizima injini ili watazame.

Mtu akimuuliza kwa nini anapiga mbao pasi, alijibu bila kuinua kichwa, "Si mbao. Iko ski."

Nilimjua kwa miaka, kwa sababu alipanga chumba katika parsele yangu, yaani kiwanja changu, nyuma ya restora ninamouzia ugali, maharage na ndagala. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo, na mikono safi kuliko ya mtu yeyote wa kazi yake. Alivaa soksi hata wakati wa jua kali. Alikunywa chai ya moto sana, na kabla ya kuinywa alikizungushia kikombe mikono yote miwili, akakaa hivyo kwa muda, kana kwamba hapa kwetu kuna baridi ya kujikinga nayo. Nilipomcheka kwa hilo aliiondoa mikono haraka, akaiweka chini ya meza, na siku iliyofuata ikarudi pale pale kwenye kikombe bila yeye kujua.

Alikuwa ameishi Bulaya miaka mingi, katika mji mdogo wa milimani ambako watu wenye pesa wanakwenda kuteleza juu ya theluji, ile sisi tunayoiita neje. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha nyuma cha duka moja linalokodisha ski. Alinoa kingo zake za chuma, akapaka nta, akaziba mikwaruzo. Mwenye duka alimwambia kwamba mtu hawezi kunoa vizuri kitu asichokijua, akampeleka mlimani kumfundisha. Hivyo jirani yangu, mtoto wa tambarare ya Ruzizi, alijifunza kushuka mlima akiwa amesimama juu ya ski.

Kingo zile ndizo zilizomlisha hapa. Alinoa visu vya mabucha, mapanga ya walimaji, mikasi ya washonaji. Kisu kilichotoka mkononi mwake kilikata nyanya bila kuiminya. Lakini subira yote aliyokuwa nayo kwa chuma, hakuwa nayo kwa wenye chuma. Mwanamke akileta kisu alichokinoa kwenye jiwe la mlangoni, jirani alimwonyesha makali yake juani na kumuuliza kisu hiki kilimkosea nini. Bucha mmoja alikasirika, akasema atapeleka visu vyake kwingine. Jirani akamrudishia vyote, hata kile alichokwisha kunoa, na hakukubali malipo. Mchana ule hakula. Baadaye alinijia jikoni akaniuliza kama nafikiri amemkosea yule bucha, nami nikamwambia ndiyo. Alitikisa kichwa kukubali, lakini kwenda kuomba radhi alishindwa. Alimwona yule mtu kila siku kwa miezi, na kila siku alipita upande wa pili wa barabara.

Kupita upande wa pili wa barabara lilikuwa jambo lake kubwa. Mwanzoni nilidhani ni kiburi.

Kuna hadithi moja tu aliyopenda kuisimulia ambayo yeye mwenyewe alikuwa wa kuchekwa. Ni ile ya mpakani, siku aliporudi kupitia Bujumbura. Watu wa duane, yaani wa forodha, walifungua mfuko wake mrefu wa ski, wakatazama. Mmoja akasema ni vipande vya ndege. Mwingine akasema hapana, ni vya paa la nyumba, ila vimepungua. Waliziweka mezani, wakazipima kwa mkono, wakatafuta ushuru wake na hawakuuona. Mwishowe mkuu wao aliitwa. Jirani yangu alilaza ski moja chini, akakanyaga juu yake, akapiga magoti kidogo kuonyesha jinsi mtu anavyoshuka. Wote wakacheka, naye akacheka nao. Kisha yule mkuu akamuuliza kwa upole kabisa, "Sasa huku kwetu, utatembelea wapi?"

Hapo hadithi iliishia. Watu kwenye baraza la restora yangu walicheka kila mara, kwa kuwa kweli lilikuwa swali la kuchekesha. Mimi niliyekuwa nimeketi karibu naye niliona kwamba akifika pale aliacha kucheka.

Baraza lile ndilo lililokuwa shule yake. Saa za mchana, wateja wakishashiba na jua likiwa bado kali mno mtu kurudi kazini, mmoja wao alimchokoza amweleze neje. Alianza kwa kukataa. Kisha aliniomba ungo wangu wa unga wa muhogo na visu viwili vya mkate. Mara ya kwanza nilikataa, kwa sababu unga ni wa ugali na si wa michezo. Mara ya pili nilimpa, na baadaye nikawa namtengea unga kidogo, ule wa chini ya gunia.

Alitikisa unga ukalala laini. "Hii iko neje ya mupya," alisema, "ile inaanguka leo asubui." Akashika visu viwili sambamba, akavipitisha juu yake. Vilizama kidogo, vikaelea, vikaacha njia mbili. Alieleza kwamba kuna ski pana kama kafi, zilizotengenezwa kwa theluji mpya tu, nazo haziwezi kuzama hata kama theluji inafika kiunoni. Kuna nyingine nyembamba za watu wa mashindano, zinazopendwa na theluji iliyoshindiliwa na mashine ikawa ngumu kama uwanja uliopigwa maji. Yake haikuwa hii wala ile. Yake ilikuwa ya hali zote. Kwenye theluji mpya ilizama kuliko ile pana, na miguu ikachoka mapema. Kwenye barafu tupu ilitetemeka kuliko ile nyembamba, meno yakagongana. Kwenye theluji ambayo jua limeifanya iwe na ganda juu na laini chini, alisema ni kama kutembea juu ya ukoko wa sufuria: unabeba, unabeba, halafu unapasuka, na hapo lazima uzito uwe kwenye miguu yote miwili, maana ukijaribu kuegemea mmoja umekwisha. Lakini ya hali zote haikukutupa katika yoyote kati ya hizo. Asubuhi hujui utakuta nini kule juu, alisema, na mlima mmoja unaweza kuwa na theluji za namna tatu kati ya kileleni na chini.

Fundi mmoja wa simu alimuuliza, "Sasa kama haishinde fasi yoyote, iko na maana gani?"

"Inakurudisha nyumbani," jirani alisema.

Alikuwa amelisema haraka, bila kufikiri. Kisha akalisikia. Alibaki na visu mkononi juu ya unga.

Alisema kwamba yuko mu konje. Ndivyo alivyotuambia tangu mwanzo: amekuja likizo, duka linamngoja, msimu wa theluji ukianza atarudi. Msimu ulianza na kuisha, ukaanza tena na kuisha. Alisema kuna karatasi moja bado. Alisema mwenye duka anajenga. Na mtu huyu huyu, aliyetuambia hayo bila kupepesa macho, hakuvumilia uongo wa mwingine hata mdogo. Muuza samaki akisema samaki wake wa mikeke wametoka ziwani asubuhi, jirani aliinua shavu la samaki mbele ya watu na kumwonyesha lilivyokuwa limepauka. Nilimwambia siku moja amwache mama wa watu atafute riziki. Alinijibu kwamba mteja ana haki ya kujua anachokula. Nilimtazama, naye akatazama soksi zake.

Sisi nasi tulimsaidia kudanganya. Kila mtu mzima anajua kwamba hakuna konje ya namna ile. Lakini mmoja wetu alikuwa amemwomba amtafutie shule mwanawe kule. Mwingine alimpa kipimo cha mguu, ili atumiwe viatu. Mama mmoja wa kanisani alimletea picha ya binti yake. Kila mmoja alikuwa ametundika kitu chake kwenye konje ile, hivyo hakuna aliyetaka kuigusa.

Nilimwona mara moja tu akiwa amezivaa. Nilikuwa nimekwenda pwani alfajiri kununua ndagala kabla ya wenye bei kubwa kuamka. Ziwa lilikuwa kimya na ng'ambo milima ya Burundi ilikuwa bado ya bluu. Mbali kidogo na mitumbwi, kwenye mchanga uliolowa, alisimama jirani yangu juu ya ski zake, na viatu vyake vizito vya plastiki vimefungwa juu yake. Hakuwa anakwenda popote. Alikuwa amekunja magoti, kifua kimeelekea mbele, mikono imetanuka, macho yamefumbwa. Alikuwa akiegemea kushoto, kisha kulia, taratibu, na chini yake mchanga ulikuwa umetulia kabisa.

Ningeweza kurudi nyuma, lakini wavuvi walinisalimia kwa sauti, akafumbua macho. Sijapata kuona mtu akitaka kuvua kitu upesi namna ile. Viatu vile havivuliwi kwa haraka. Ilimbidi ainame, abonyeze nyuma ya kisigino, ayumbe, ashike chini, na muda wote huo mimi nimesimama na beseni langu. Alipomaliza alikuja, akanisalimia vizuri, akaniambia kama fundi anayetoa ripoti kwamba mchanga haufai. Mchanga mkavu unakula soli, ule uso wa chini wa ski, na mchanga uliolowa unaing'ang'ania. Nikasema pole. Tulirudi Kimanga pamoja, mimi na samaki, yeye na mfuko wake begani.

Siku konje ilipoisha, ilimalizwa na mtu asiyekuwa na nia mbaya. Alikuwa mfanyabiashara wa vikwembe wa Bujumbura, mgeni kwenye baraza langu, mtu mcheshi aliyekula sahani mbili. Watu walimwambia ana bahati, leo ataona neje. Jirani alikuwa amefurahi mchana ule. Alitikisa unga, akashika visu, akaanza na theluji mpya. Yule mgeni alimtazama kwa muda mrefu, kwa uso wa mtu anayetafuta jina, kisha akapata alichokuwa akikitafuta na kufurahi.

"Si weye tulikuwa naye mu ndege?" alisema. "Weye ulikaa nyuma na bale polisi babili."

Hakuna aliyecheka. Mgeni alitazama nyuso zetu, akaelewa, akaanza kusema kwamba labda amefananisha, kwamba watu wengi ni warefu. Alizidi kuharibu. Jirani hakukana. Alivilaza visu vile kando. Kisha akaupitishia unga kiganja chake, akaulainisha taratibu mpaka zile njia zote mbili zikafutika, akanirudishia ungo kwa mikono miwili, akasema asante, Mama Furaha. Alitembea mpaka chumbani kwake bila kuharakisha. Tulisikia komeo.

Baada ya hapo visu havikuja. Nilisubiri watu wamseme, nilikuwa nimejiandaa kumtetea, lakini hawakumsema. Yule aliyetoa kipimo cha mguu alianza kupita njia ya nyuma. Mama wa kanisani aliniomba mimi nikamchukulie ile picha ya binti yake kwa jirani, kwa sababu yeye hawezi kumtazama usoni. Nilipompelekea ujumbe, jirani alinipa picha, kisha akanyoosha mkono kuipokea tena kabla ya kukumbuka kwamba inatakiwa kutoka kwake na si kuingia; tulisimama mlangoni tukipeana picha ya msichana huku na huku kama wajinga. Nilijua wakati ule kwamba aibu haikuwa yake peke yake. Ilikuwa imetupata sote, kila mtu amejifungia na yake, na tulikuwa tunaogopana.

Alitoka siku ya tatu au ya nne, akaja jikoni wakati napepea makaa. Aliomba nimpe kazi ya mikono, nikampa vitunguu. Akiwa anavimenya, aliniambia mambo ambayo sikumuuliza.

Ana dada mkubwa huko Mutarule, kwenye tambarare. Dada huyo ndiye aliyemlea. Alipotaka kwenda Bulaya, dada aliuza shamba lake la karibu na maji, shamba la mpunga, lililokuwa jina lake pale kijijini. Wajomba walimkataza. Wazee walimkataza mbele ya watu. Aliuza. Mwanzoni jirani yangu alituma alichoweza. Kisha ombi lake la kukaa kule lilikataliwa, kazi ikawa ya kujificha, mwenye duka akaogopa, naye akakosa cha kutuma. Akakosa pia cha kusema. Alianza kupiga simu mara chache, kisha akabadilisha namba. Polisi walipomkamata ili kumrudisha kwao na kumpa nafasi ya kuchukua mzigo mmoja, angeweza kubeba nguo. Alibeba ski, alizopewa na mwenye duka siku ya mwisho.

"Nilifikiri nikifika na mikono mitupu, atauliza shamba iko wapi," alisema. "Sasa nikasema nitabeba kitu. Halafu nikafika mu mupaka, yule mukubwa akaniuliza utatembelea wapi. Njo nikaona minye nimebeba upuuzi."

Mutarule si mbali. Moto inakufikisha asubuhi na kukurudisha kabla ya jua kuzama, barabara ikiwa salama. Wanawake wa tambarare wanakuja kila siku na magunia, ndio hao walionifanya niamini kwamba ana kiburi, kwa kuwa akiwaona alivuka barabara. Aliniambia kwamba amefika kwenye kituo cha moto za tambarare mara nyingi, amekubaliana nauli, amepanda, na kisha ameshuka na kumwambia dereva amesahau kitu. Na dada naye alijua. Bila shaka alijua. Uvira haifichi mtu. Lakini hakuja kumtafuta. Jirani aliamini kwamba amemkasirikia. Mimi, nikiwa na dada zangu, nilifikiri jambo jingine: huyu mama alikatazwa mbele ya watu, akauza, na sasa angetokaje kijijini kwenda kumfuata mtu ambaye kila mmoja alimwambia atarudi bure?

Nilimuuliza kwa nini basi anaendelea kuzipaka nta. Theluji haipo, na haitakuja.

"Soli inakauka," alisema. Kisha, baada ya kitunguu kizima, "Kama nikiacha, itakuwa iko mbao kweli."

Msimu ule wa mavuno mama niliyezoea kununua mchele kwake aliugua, nikaamua kwenda mwenyewe tambarare. Nilimwambia jirani nahitaji mtu wa kunisaidia kubeba magunia. Hakuuliza ni kijiji gani na sikukitaja. Asubuhi alinikuta barabarani akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, na ule mfuko mrefu begani. Madereva wawili walibishana jinsi ya kuufunga. Mwishowe ulisimamishwa nyuma ya kiti chake kama mlingoti, na njia nzima watu walitazama juu, wakajiuliza tunapeleka nini. Tulipokaribia Mutarule moto yake ilipunguza mwendo. Nilidhani anashuka. Dereva wake aliniambia baadaye kwamba alikuwa amemwomba aende polepole tu.

Dada yake alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba, akipepeta mpunga. Alikuwa mwembamba, mrefu kama yeye, mabega yameinama vilevile. Alimwona kutoka mbali na mikono yake haikuacha kupepeta. Alinisalimia mimi kwanza. Aliniuliza habari za njia, za watoto, za Uvira. Aliniletea kiti na maji. Ndipo akamgeukia.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja, Yaya," alijibu, kwa jina tunalomwitia dada mkubwa.

Hakumpa kiti. Hakumnyima pia, palikuwa na kigoda, naye jirani yangu hakuthubutu kukikalia. Aliketi chini, kwenye vumbi, na shati lake la pasi, mfuko umelala mbele ya miguu yake. Watu wa nyumba za karibu walianza kusogea kama watu wanavyosogea. Mzee mmoja, ambaye kwa jinsi alivyoketi bila kukaribishwa nilielewa kwamba alikuwa miongoni mwa waliokataza, alisalimia wote vizuri, akauliza mtu wa Bulaya ametuletea nini.

Dada yake alipepeta. Jirani yangu alifungua mfuko, akazitoa zote mbili, akazilaza chini mbele ya mkeka. Zilikuwa zinang'aa. Kuku aliruka.

"Iko nini?" dada aliuliza.

Mtu huyu alikuwa ameieleza Kimanga nzima. Amewaeleza mabucha, wenye moto, mafundi wa simu, watu wa duane. Mbele ya dada yake aliinama, akaanza kuzifuta vumbi kwa mkono wa shati. Mzee yule alikohoa. Nilishindwa kuvumilia, nikaanza kueleza mimi. Nilisema kwamba kule kuna neje, na watu wanateremka mlima juu yake wakiwa wamesimama kwenye hizi. Nilieleza theluji mpya iliyo kama unga, jinsi ski hii inavyozama kidogo na kuelea. Nilieleza ile ngumu, na ile ya barafu ambapo inatetemeka, na ile yenye ukoko, kwamba uzito lazima uwe kwenye miguu yote miwili. Nilisema hii ni ya hali zote, na kwamba ndugu yake alikuwa fundi wa hizi, tena fundi mkubwa. Nilisikia sauti yangu ikiwa kama ya mtu anayeuza kitu sokoni, nikanyamaza.

Dada alikuwa ameacha kupepeta. Alinyoosha kidole akagusa ukingo wa chuma, akakirudisha.

"Na mvua ikinyesha juu ya hiyo neje?" aliuliza.

Hakuna mtu Kimanga aliyewahi kuuliza hivyo. Lilikuwa swali la mkulima. Nilitafuta jibu kichwani mwangu na sikulipata, kwa kuwa hakuwahi kutuambia. Nikamtazama jirani. Alikuwa bado anatazama chini.

"Inaharibika, Yaya," alisema. "Inakuwa nzito sawa matope ya mupunga. Ski inakamatwa, magoti inauma. Halafu baridi inarudi, yote inakuwa barafu ya mabonde mabonde. Siku ile hakuna ski inafaa. Hata hii."

"Sasa munafanyaka nini?"

"Tunangojaka."

"Munangoja nini?"

"Ingine ianguke juu yake."

Dada alifikiri. Aliwaza jambo hilo kama mtu anavyowaza habari ya shamba la mwenzake. Kisha aliuliza kama yeye aliwahi kuanguka.

"Nilianguka sana, Yaya."

"Mbele ya bantu?"

"Mbele ya bantu. Mbele ya batoto badogo bale, banapita tu, banakuangalia." Aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Nilisikia aibu mpaka nikataka kubaki chini."

Dada alishika pindo la kikwembe chake akajiziba nalo mdomo. Mabega yake yalitikisika. Kwa pale nilipokaa sikuweza kujua kama alikuwa anacheka au analia, na niligeuza uso, kwa sababu si mambo ya mgeni kutazama. Niliposikia tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu mwenye nyumba. Alimwambia ndugu yake atoke juani, asogee mkekani, amwambie yote kuanzia siku aliyofika kule, asiruke kitu. Alisema yeye ametoa shamba lake na hajawahi kuambiwa lilikwenda wapi.

Jirani yangu alisogea. Alianza kueleza, mwanzo kwa maneno mafupi, kisha marefu. Yule mzee alisikiliza, na baada ya muda akauliza viatu vinafungwaje.

Nilikwenda kununua mchele wangu. Niliporudi kuchukua moto jua lilikuwa limeinama, na madereva walinihimiza, maana barabara ile haitaki mtu wa kuchelewa. Alikuwa bado anazungumza. Dada alikuwa amerudia kupepeta, taratibu, ili kelele za mpunga zisifunike sauti yake. Dereva wake aliniuliza kama amwite.

Nilimwambia amwache, twende.